Gemu za Kumtoa Mtoto Jasho: Mwongozo wa Kurudisha Pumzi Baada ya Kuungua

Mtoto aliyeungua akisharuhusiwa kurudi nyumbani, macho ya watu yote huenda kwenye ngozi. Majirani wanauliza kama kidonda kimefunga, bibi anauliza kama kovu litafifia. Mapafu hayaonekani, kwa hiyo hayaulizwi. Yanakuja kukumbukwa siku mtoto anapotumwa kuchota maji bondeni akarudi akihema kama aliyefukuzwa, au mwalimu anapoeleza kwamba wakati wa mapumziko wenzake wanakimbia na yeye amekaa chini ya mti. Wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima: nyumba iko juu, maji yako chini, shule iko upande wa pili. Pumzi ikiwa fupi, hata kwenda shule ni shida.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako mzazi au mlezi, na pia kwa mhudumu wa afya wa kijiji na mwalimu wanaomsaidia mtoto wa namna hiyo. Una jambo moja la msingi. Mtoto ambaye vidonda vyake vimepona anahitaji kutweta: kidogo kidogo, kwa mpango, mara kadhaa kwa wiki, kwa miezi. Ukimwamrisha afanye mazoezi atafanya siku mbili kisha ataanza visingizio. Ukimpa mchezo wenye pointi na ushindi, kesho atakukumbusha yeye. Ndiyo sababu hospitali katika nchi mbalimbali zimeanza kutumia gemu za video zinazochezwa kwa mwili mzima. Hapa utaona zinavyofanya kazi, namna ya kuzitumia kwa usalama, na namna ya kupata faida hiyo hiyo pale ambapo hakuna runinga wala umeme.

Moto unavyoumiza mapafu

Kuna njia tatu, na mtoto mmoja anaweza kuwa nazo zote.

Ya kwanza ni moshi. Moto ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hewa ya moto huchoma pua, mdomo na koo. Mwili huipoza hewa hiyo kabla haijafika mbali, kwa hiyo kinachoshuka hadi ndani ya mapafu ni masizi na sumu za moshi. Utando wa njia za hewa huvimba na kubanduka, na makohozi mazito huziba vijia vidogo. Baada ya kupona, njia hizo zinaweza kubaki nyembamba au zenye kushtuka haraka, mtoto akasikika filimbi kifuani kama mwenye pumu.

Kyerwa inaujua moto wa namna hii. Mnamo Septemba 14, 2020, bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu liliteketea na wanafunzi 10 wakapoteza maisha, wengine walijeruhiwa. Kwa kila anayelea watoto, nyumbani au bwenini, kuna la kushika hapa: mtoto aliyetolewa kwenye chumba chenye moshi apelekwe hospitali hata kama hana lengelenge hata moja. Uvimbe wa koo unaweza kuja saa kadhaa baadaye, ndani ya siku ya kwanza. Masizi puani, nywele za pua zilizoungua, sauti iliyokauka ghafla au mkwaruzo anapovuta hewa ni dalili za hatari. Usisubiri kupambazuke.

Njia ya pili ni kovu. Mtoto aliyemwagikiwa uji au maji ya moto kifuani huenda hakuvuta moshi kabisa, lakini kovu nene likishikana kuanzia shingoni hadi tumboni, mbavu hazipanuki. Kovu la kwapani huvuta mkono chini na bega mbele. Mapafu ni mazima, ila hayana nafasi.

Ya tatu ni kitanda. Mwili ulioungua sehemu kubwa hutumia nguvu nyingi mno kujijenga, na hula hata misuli yake wenyewe. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa zaidi ya mwaka baada ya kidonda kufunga. Misuli ya kupumua nayo hudhoofika. Ukijumlisha na wiki za kulala wodini, unapata mtoto asiye na kidonda lakini asiye na pumzi.

Kwa dawa peke yake, njia ya pili na ya tatu hazitibiki. Zinahitaji mwendo.

Kwa nini gemu, na gemu zipi

Mwaka 2002, Oscar Suman, Ronald Mlcak na David Herndon wa Galveston, Texas, ambako kuna hospitali ya Shriners inayotibu watoto walioungua, walichapisha matokeo ya watoto walioungua vibaya waliofanya mazoezi yaliyosimamiwa kwa wiki 12. Mapafu yao yalipopimwa yalionyesha nafuu kubwa kuliko ya wenzao ambao hawakupewa programu hiyo. Hayo yalikuwa mazoezi ya kawaida, bila gemu. Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2022 watafiti wa tiba ya viungo wa Misri walichapisha utafiti wa watoto walioungua vibaya ambao, juu ya tiba yao ya kawaida, walicheza gemu za Kinect. Uwezo wa mwili na hali ya maisha yao vilipanda zaidi.

Zingatia maneno "juu ya tiba yao ya kawaida". Gemu ni nyongeza. Haichukui nafasi ya mtaalamu wa tiba ya viungo, ya nguo za kubana makovu, wala ya dawa.

Usichanganye gemu hizi na zile za kwenye vibanda vya mjini, ambako vijana hukaa kwenye benchi wakicheza mpira kwa vidole gumba. Hizo hazimtoi mtu jasho. Gemu ya mazoezi ni ile ambayo mashine inauona mwili wa mchezaji na kumlazimisha asogee. Zipo za aina tatu:

- Za kamera. Kinect ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2010 kwa ajili ya Xbox 360, humwona mtoto mzima bila yeye kushika chochote. Inamfaa mtoto ambaye vidole vyake viliungua. Diski ya Kinect Sports ina mpira wa miguu, voliboli, riadha, ndondi na tenisi ya mezani.
- Za kushika mkononi. Nintendo Wii ya mwaka 2006 ina kirimoti kinachofuata mkono. Wii Sports ina tenisi, besiboli, bolingi, gofu na ndondi. Mtoto mjanja hugundua upesi kwamba anaweza kushinda kwa kuzungusha kiganja tu akiwa amekaa; lazima asimamiwe.
- Za kucheza muziki. Just Dance, iliyoanza mwaka 2009, humwonyesha mchezaji mitindo ya kufuata. Hata bila mashine, video za kufundisha dansi kwenye simu zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, isipokuwa hazihesabu pointi. Pointi utahesabu wewe.

Mashine nyingi kati ya hizi hazitengenezwi tena, kwa hiyo zinapatikana zikiwa zimetumika. Familia moja haina haja ya kujitwisha gharama hiyo peke yake. Shule, parokia, usharika, msikiti au chama cha wakulima wa kahawa kinaweza kununua mashine moja ikawekwa mahali ambapo watoto kadhaa wanafika. Kabla ya kulipa, omba iwashwe mbele yako na mtu asimame aicheze. Hakikisha kamera, waya wake na diski vipo. Xbox isiyo na Kinect ni ile ile ya kukaa kwenye benchi.

Kwanza ruhusa

Usianze kabla ya kumwona daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Kutoka Karagwe wengi huanzia hospitali ya wilaya au Nyakahanga. Kutoka Kyerwa, hospitali ya Isingiro. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bukoba, na rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Wataalamu wa tiba ya viungo ni wachache, na foleni huwa ndefu, kwa hiyo nenda na maswali yako yameandikwa:

1. Je, vidonda vyote vimefunga, na ngozi iliyopandikizwa imeshika vya kutosha kwa mtoto kuruka na kunyoosha mikono?
2. Je, kuna mwendo wowote asioruhusiwa?
3. Alipokuwa amelazwa aliwekewa mpira wa kupumulia kooni? Hewa au maji yaliwahi kuingia kifuani nje ya pafu?
4. Oksijeni yake akiwa ametulia ni ngapi, na ikishuka hadi ngapi nisimamishe mchezo?
5. Je, anahitaji dawa ya kuvuta kabla ya mazoezi?

Swali la tatu lina uzito wake. Mtoto aliyewekewa mpira kooni anaweza kupata kovu ndani ya koo wiki au miezi baadaye, njia ya hewa ikawa nyembamba. Akianza kutoa mkwaruzo anapovuta hewa, hasa anapocheza, hilo ni la kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo vitatu vya nyumbani

Pima kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki 4. Andika kwenye daftari moja lisilotumika kwa kazi nyingine.

Mwendo wa dakika 6. Tafuta mahali tambarare. Kwenye vilima vyetu, uwanja wa mpira wa shule ndio hufaa. Pima meta 30, chomeka kijiti kila upande. Mtoto atembee kwenda na kurudi kwa dakika 6 kwa kasi anayoiweza, bila kukimbia. Akichoka asimame, saa iendelee. Hesabu meta zote.

Upana wa kifua. Azima tepu ya fundi nguo. Izungushe usawa wa chuchu. Mtoto atoe hewa yote, soma. Avute hewa yote, soma. Tofauti ya sentimeta ndiyo namba yako. Kwa mtoto mwenye kovu la kifua, namba hii ikipanda hata kidogo ni habari njema.

Vidole 10. Mfundishe mtoto kueleza uchovu kwa vidole: kidole kimoja ni "nimetulia kabisa", vidole 10 ni "siwezi hata hatua moja". Kipimo hiki utakitumia kila siku ya mchezo.

Kama una kipima oksijeni cha kidoleni, kitumie kwenye kidole kisicho na kovu wala rangi ya kucha, mkono ukiwa na joto. Mtoto aliyetulia kwa kawaida huwa na 95 au zaidi. Wanaoishi kwenye miinuko ya juu wanaweza kuwa chini yake kidogo.

Chumba na umeme

Kinect inahitaji mchezaji asimame takriban meta 2 hadi 2.5 kutoka kwenye kamera, na nafasi ya kunyoosha mikono pande zote. Kama sebule imejaa makochi, yatoe nje kwa nusu saa. Ondoa meza ya kioo, mkeka unaoteleza na waya wa kukanyaga. Chumba kiwe na mwanga, lakini jua lisiipige kamera. Mvishe mtoto nguo za kumkaa mwilini, maana kamera hushindwa kuona viungo vilivyofichwa na kitenge au shati pana. Kama amepewa nguo ya kubana makovu, acheze nayo isipokuwa ameelekezwa vingine.

Sola ndogo ya taa na kuchaji simu haiwezi kuendesha runinga kubwa pamoja na mashine ya gemu. Tumia umeme wa gridi, na weka kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Panga kucheza asubuhi au jioni. Ngozi iliyopandikizwa haitoi jasho kama ya kawaida, na mtoto aliyeungua sehemu kubwa hupata joto mwilini haraka. Fungua madirisha, mpe maji kabla, katikati na baada.

Kipindi kimoja cha nusu saa

Dakika 5 za mwanzo ni za kupasha mwili. Paka makovu mafuta ya mgando yasipasuke. Mtoto apandishe mikono juu taratibu akivuta hewa kwa pua, aishushe akitoa hewa kwa mdomo uliobinuka kama anayepuliza chai. Mara 10. Kisha atembee hapo hapo alipo.

Dakika 20 za katikati ni za gemu, kwa raundi. Dakika 3 acheze, dakika 1 au 2 apumzike. Chagua gemu kulingana na tatizo:

- Kovu la kifua au kwapa: voliboli, ugolikipa, chochote kinachoinua mikono juu ya kichwa na kuifungua pembeni.
- Kiwiliwili kilichokakamaa: tenisi na bolingi, kwa sababu zinazungusha kiuno na mbavu.
- Pumzi fupi: riadha, ndondi, dansi.
- Mtoto aliyechoka siku hiyo: bolingi, taratibu.

Kila raundi ikiisha muulize vidole vingapi. Unataka 4 hadi 6. Jaribio jingine ni la mdomo: mwambie ataje jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Akiweza kuyataja akihema, kasi ni nzuri. Akiweza kuimba wimbo mzima, mchezo ni mwepesi, ongeza. Akishindwa kutaja majina matatu kwa pumzi moja, amepita kiasi, punguza.

Dakika 5 za mwisho atulie: anyooshe shingo, mabega na kifua polepole, kila mvuto sekunde 20 hadi 30, bila kurusharusha. Kama ana makohozi, avute hewa nyingi na kuitoa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayeweka ukungu kwenye kioo, mara 2 au 3, kisha akohoe. Makohozi yatoke, yasimezwe.

Mpango wa wiki 12

Huu ni mfano wa kumpelekea mtaalamu aurekebishe kulingana na hali ya mtoto.

Wiki ya 1 na 2: siku 3 kwa wiki, dakika 10 za mchezo kwa raundi fupi za dakika 1 au 2. Lengo ni mtoto aondoke akitaka zaidi. Mkatize akiwa bado ana hamu.

Wiki ya 3 hadi ya 6: siku 3 kwa wiki, dakika 15 hadi 20. Anza kumpa malengo: leo uzidi pointi za juzi.

Wiki ya 7 hadi ya 12: siku 3 hadi 5, dakika 20 hadi 30. Alete ndugu au rafiki washindane.

Siku zisizo za gemu si za kukaa bure. Kunyoosha makovu na kuvuta pumzi ndefu ni kazi ya kila siku, kwa sababu kovu huvuta usiku na mchana. Mtoto akipata mafua au homa, simamisha gemu. Akipona, rudi nyuma kwa wiki moja ya mpango kabla ya kuendelea.

Wiki 12 zikiisha, usikate ghafla. Lengo ni kumhamisha kutoka sebuleni kwenda uwanjani na wenzake.

Simamisha mchezo mara moja

- Midomo au ulimi unageuka rangi ya bluu au kijivu.
- Mkwaruzo wakati wa kuvuta hewa.
- Filimbi kifuani isiyotulia baada ya kupumzika au baada ya dawa yake.
- Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzirai.
- Kipima oksijeni kimeshuka chini ya 90, au kwa alama 4 au zaidi kutoka alipoanzia.
- Damu kwenye makohozi, au kovu limepasuka na kutoka damu.

Mkalishe akiwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti. Kwa dalili tano za kwanza, asipotulia ndani ya dakika chache, safari ya hospitali ianze. Kwa midomo kubadilika rangi, mkwaruzo wa koo au kuzirai, usisubiri hata hizo dakika.

Kama hakuna mashine

Kinachomponya mtoto katika gemu ya video ni mambo manne: anasogeza mwili mzima, anatweta kwa raundi, anaona pointi zake zikipanda, na kesho anataka kurudia. Yote manne unaweza kuyatengeneza uani.

Rede ni bora kuliko gemu nyingi za dukani: mtoto anakwepa mpira, anainama, anazunguka, anakimbia kwa sekunde chache na kupumzika akisubiri zamu. Kurusha na kudaka mpira wa makaratasi juu ya kichwa kunafungua kwapa na kifua. Puto lisiloruhusiwa kugusa ardhi humfanya ainue mikono bila kufikiria kovu. Kamba ya kuruka ni ya wiki za mwisho, kwa sababu inachosha upesi. Ngoma na dansi zinafaa muda wote.

Bandika karatasi ukutani. Kila siku ya mchezo andika alama zake: amedaka mipira mingapi kwa dakika 2, ameruka mara ngapi. Mpe ngazi kama za kwenye gemu: akidaka 20 amepanda ngazi ya pili, mpira unarushwa juu zaidi. Mashindano yake ni dhidi ya namba yake ya juzi. Kumshindanisha na kaka yake mzima mwanzoni kutamkatisha tamaa.

Kwa mapafu yenye makohozi, mtaalamu akikubali, tengeneza chupa ya mapovu. Chukua chupa safi ya lita 1.5, weka maji ya kina cha sentimeta 10. Ingiza mpira safi wenye tundu la karibu sentimeta 1 hadi karibu na chini. Mrija wa soda ni mwembamba mno. Mdomo wa chupa ubaki na nafasi ya hewa kutoka. Mtoto akae wima, avute hewa kwa pua, apulize mapovu polepole kwa sekunde 3 au 4. Mara 10, kisha akohoe. Asinywe maji hayo. Maji yabadilishwe kila siku, chupa na mpira vioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Mtoto aliyewahi kuingiwa na hewa nje ya pafu asitumie njia hii bila ruhusa ya daktari.

Yanayoharibu kazi nyumbani

Moshi. Ndizi huiva kwa muda mrefu, na jiko la kuni la mafiga hutoa moshi muda wote huo. Mtoto huyu asikae jikoni, asitumwe kupuliza moto, asilale chumba kinachopakana na jiko kama kuna kingine. Kibatari kibadilishwe na taa ya sola. Tanuri la matofali likiwaka jirani, au kiangazi cha Juni hadi Agosti vumbi la barabara likizidi, mazoezi yahamie ndani. Anayevuta sigara avutie mbali na nyumba.

Chakula. Misuli haijengwi kwa matoke peke yake. Ongeza maharage, dagaa, mayai, maziwa, karanga. Mtoto anayefanya mazoezi bila kula vya kutosha atakonda, na utadhani mazoezi ndiyo yaliyomdhuru. Mpime uzito kila mwezi.

Kumwonea huruma kupita kiasi. Bibi anayemwambia "kaa, mwanangu, usichoke" anampenda, ila anamchelewesha. Mwite bibi awe mwandishi wa pointi; akiona namba zinapanda, atakuwa wa kwanza kumuhimiza.

Kumbukumbu ya moto

Baadhi ya gemu zina milipuko, moto na kelele za ghafla. Icheze wewe kwanza, au mkubwa mwingine, kabla ya mtoto. Akishtuka, akilia au akikataa, zima bila kumlaumu na mpe gemu nyingine. Mtoto anayeota moto usiku, aliyeanza tena kukojoa kitandani au anayejitenga na wenzake anahitaji kuzungumza na mhudumu wa afya. Mwambie daktari hayo kama unavyomwambia habari za kikohozi.

Baadhi ya gemu za kamera humwonyesha mtoto sura yake kwenye kioo cha runinga. Kwa aliyeungua uso, hilo linaweza kumuumiza mwanzoni. Chagua zinazomwonyesha mchezaji wa katuni, ambaye anaruka na kushinda kwa mwendo wa mtoto mwenyewe.

Siku ya kliniki

Nenda na daftari la vipimo: meta za dakika 6, sentimeta za kifua, uzito, siku alizocheza na siku ulizosimamisha pamoja na sababu. Kama una simu, rekodi video ya dakika moja akiwa anacheza na nyingine akiwa anainua mikono yote miwili juu. Mtaalamu anayekuona kwa dakika chache ataona humo miezi mitatu ya kazi, na ataweza kukuambia kama kovu linahitaji upasuaji wa kulilegeza au linaendelea kulainika. Kama meta za dakika 6 hazijapanda kabisa tangu kipimo cha kwanza, liseme hilo kabla hujaulizwa, kisha uliza kama mtoto anapaswa kupimwa mapafu Bukoba au Bugando. Na kabla hujatoka, mwombe akuandikie tarehe ya kurudi na mpango wa wiki zinazofuata.